Saa Isiyorudishwa Nyuma

Ratiba ya Ramadhani niliiandika mimi, kwa mkono, katika maktaba ya Wembley. Hakuna aliyenituma. Mwaka niliofika London, 1968, tulikuwa watu wachache wa Unguja na Mombasa tuliokaa karibu karibu, na kila mmoja alifuturu kwa kukisia. Mmoja akisema jua limezama, mwengine akisema ni wingu tu. Mimi sikusoma sana. Skuli niliiacha mapema nikaingia kazi ya bandarini. Lakini napenda jambo linaloweza kuhakikishwa. Siku moja nikagundua kwamba maktaba ina kitabu kinene cha mwaka, kinachoeleza jua linachomoza dakika gani, linazama dakika gani, na weupe wa kwanza wa alfajiri unatokea lini. Nikawa nakwenda kila Jumamosi na penseli.

Kitabu kile kilikuwa na tabia moja. Saa zake zilikuwa nyuma ya saa za mitaani kwa saa moja kamili, kiangazi na baridi. Nilimuuliza bibi wa maktaba, akanambia kwamba hiyo ni hesabu ya Greenwich, niongeze saa moja tu. Nikaongeza. Niliongeza mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata tena. Kuongeza saa moja kukawa kwangu kama kutia chumvi kwenye wali: mkono unakwenda wenyewe.

Mwaka 1971 nilitoa nakala ishirini na mbili kwa karatasi ya kaboni. Moja nilimpelekea Bi Sheikha. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, aliyepanga chumba juu ya duka la Suresh, fundi wa saa. Suresh na mkewe Sushila ni Wahindi wa Unguja, na walikuwa majirani zake Bi Sheikha tangu Mji Mkongwe. Walipokutana tena huku hapakuwa na haja ya maelezo mengi. Yeye alichukua chumba cha nyuma, na saa yake ya ukutani, inayogonga, wakaitundika ukumbini mbele ya mlango wake. Saa hiyo aliiweka kwa hesabu ya kwetu. Asubuhi Waingereza wakisema saba, yenyewe iligonga moja, kama inavyotakiwa.

Bi Sheikha aliipokea ratiba, akaisoma kutoka juu mpaka chini kwa kidole.

"Abdulwakil," akasema, "mwaka huu nataka mwezi mzima. Siku zote, bila ya pengo."

Akanieleza bila ya kunitazama. Tangu alipovunja ungo hakuna Ramadhani hata moja aliyoifunga moja kwa moja. Mwanamke ana siku zake za kuacha, kisha anazilipa mojamoja. Na ule mwezi ulioandama siku chache baada ya mapinduzi, siku alizozikosa zilikuwa nyingi kuliko alizozipata, kwa kuhama nyumba hii na ile. Zote alishazilipa. Lakini kulipa, alisema, ni kama kushona kiraka. Sasa umri ulikuwa umemfikisha mahali ambapo hakuna siku ya kuacha, na afya bado anayo. Mwakani hajui.

"Kwa hivyo nakutegemea wewe," akasema. "Karatasi siijui mie. Wewe nnakujua."

*

Kumbe mimi nilikuwa nimekuja Uingereza katikati ya jaribio, bila ya kujua kuwa ni jaribio. Zamani watu hawa walikuwa wakizisogeza saa zao mbele kila majira ya kuchipua na kuzirudisha kila vuli. Mwanzoni mwa 1968, miezi michache kabla sijafika, serikali ilizisogeza mbele ikaziacha hapo, ili waone itakuwaje. Zikakaa mbele baridi tatu nzima. Kisha Bunge likapiga kura kwamba mtindo wa zamani urudi. Siku iliyowekwa ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 31 Oktoba: saa tisa za usiku zingerudishwa zikawa saa nane. Kwetu sisi hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja ya mfungo.

Jumamosi alasiri nilikuwa dukani kwa Suresh, pamoja na Rajab, mwenzangu wa kiwanda cha biskuti. Suresh alikuwa akizirudisha nyuma saa za kabatini, moja baada ya nyengine, mapema, kwa sababu kesho asingefungua. Nilifurahi kumtazama. Zilikuwa zaidi ya arubaini, na kwa robo saa duka lilikuwa na nyakati mbili, nusu ya ukuta ikiwa mbele na nusu nyuma.

"Hiyo saa moja wanayoturudishia," Rajab akauliza, "miaka mitatu walikuwa wameificha wapi?"

"Ilikuwa kwenye droo yangu," Suresh akajibu bila ya kuinua kichwa. "Leo nairudisha kwa mwenyewe."

Wakaanza kubishana kama jambo lile lina faida. Sushila aliunga mkono kurudisha. Baridi tatu aliwapeleka watoto skuli gizani, wamefungwa mikononi vitambaa vinavyong'aa ili madereva wawaone, na mwezi wa Disemba jua lilichomoza saa tatu imeshapita, watoto wako darasani. Suresh hakukubali. Alisema jioni ikiingia giza saa kumi, wateja wanakimbilia majumbani, na mwanga wa jioni ni bora kuliko wa asubuhi ambao mtu anaupoteza kitandani. Rajab akasema kiwandani hakuna madirisha, wagawane jua lao vyovyote wanavyotaka.

Waliponiuliza mimi, nilisema sijui. Sikuwa nikikwepa, kwa kweli nilikuwa naona kila mmoja ana sehemu ya haki. Nilichokuwa nikifikiri ni babu yangu. Kila siku adhana ya magharibi ikitolewa, alitoa saa yake mfukoni akaiweka kumi na mbili kamili. Kesho yake jua likizama dakika moja mapema, saa nayo ikafuata. Kwa hivyo kwetu saa zilibadilishwa kila jioni, na sikumbuki mtu aliyelalamika wala Bunge lililopiga kura. Nikawaeleza hivyo.

"Ni kweli," Suresh akasema. "Darajani, dukani kwa baba yangu, kitu kilicholika kuliko vyote katika saa za watu kilikuwa kile kitufe cha kuvutia mishale. Kila siku kinavutwa. Tumekula sana kwa kitufe kile."

Basi tukacheka. Mimi nikavua saa yangu ya mkononi, nikairudisha nyuma palepale, na Rajab akafanya vivyo hivyo. Kutoka ghorofani Bi Sheikha akaita kuuliza kama saa zimeshafanywa, na Suresh akamjibu kwamba zote zimerudishwa, asiwe na wasiwasi. Ratiba yangu ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha duka, shibiri moja tu kutoka kwenye saa zile. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama.

*

Jumapili Bi Sheikha alitualika mimi na Rajab kufuturu kwake. Nilitoka mapema kidogo, nikapitia Ealing Road kununua tende. Taa za barabarani zilikuwa zimeshawashwa. Upande wa magharibi jua lilikuwa limekaa juu ya mapaa ya nyumba, jekundu, limebakisha kama upana wa vidole viwili. Nikatazama saa: saa kumi na robo. Nikatoa ratiba mfukoni. Magharibi: saa kumi na moja na dakika thelathini na saba.

Kwanza niliishuku saa yangu. Nikaivua, nikaisikiliza. Ilikuwa inakwenda. Nikaliangalia tena jua, na hapo nikaelewa. Niliongeza saa moja kwenye mistari yote ya mwezi, na tangu usiku wa jana saa hiyo haikuwa ya kuongezwa tena.

Sikupata huzuni papo hapo. Nilipata hamu ya kujua kosa linafika wapi. Nikasimama kituo cha basi, nikaacha mabasi mawili yapite. Kwa jioni kosa halikuwa kubwa: mtu angefuturu saa moja baada ya wakati wake, akakaa na njaa bure, lakini funga yake ingekuwa salama. Kisha nikageuza hesabu upande wa asubuhi. Ratiba ilisema mwisho wa kula ni saa kumi na mbili kasorobo. Wakati wa kweli, kwa saa mpya, ulikuwa saa kumi na moja kasorobo, na alfajiri yenyewe dakika kumi na tatu baada ya hapo. Mimi nilikuwa nimemaliza daku yangu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Nilikula alfajiri imeshaingia zaidi ya dakika arubaini, nikiwa na karatasi yangu mwenyewe mbele ya sahani.

Katika chuo cha Kurani tulifundishwa wazi: aliyekula akidhani ni usiku, kisha ikadhihirika kuwa alfajiri ilikuwa imeingia, hana dhambi, lakini siku ile atajizuia mpaka jioni na baadaye atailipa. Kwa mimi na Rajab hilo ni jambo dogo. Kwa Bi Sheikha, lilikuwa ndilo pengo.

Rajab nilimkuta mlangoni. Nilimweleza. Kwanza alicheka kwa sauti, akaniita Mnajimu Mkuu wa Wembley. Kisha akateremsha sauti.

"Yule mama usimwambie," akasema. "Kafunga kwa nia safi. Mungu anajua. Wewe rekebisha ya kesho tu."

Nilifikiri. Maneno yake hayakuwa mabaya. Lakini kesho nikimpa ratiba mpya angeuliza ya zamani ilikuwa na kasoro gani, na mimi ningejibu nini? Isitoshe, siku aliyoipokea ratiba hakusema kwamba anaitegemea karatasi; alisema ananitegemea mimi.

*

Kwa kuwa jua lilikuwa linazama, tulianza na hilo. Nilipanda ngazi, nikamwambia Bi Sheikha kwamba futari ni sasa, dakika mbili zijazo, si saa kumi na moja na nusu, nitaeleza baadaye. Hakubisha. Tukala tende, tukanywa maji, tukasali. Uji wa tambi ulikuwa bado jikoni, haujaiva, kwa sababu aliupangia kwa ratiba yangu.

Baada ya sala nikamweleza. Nilikwenda taratibu, kutoka kitabu cha maktaba mpaka asubuhi ya leo. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Mie uji wa daku niliumaliza saa kumi na moja na dakika thelathini na tano," akasema. "Nilitoka ukumbini nikaitazama saa yangu kwa makusudi, nikaona nna dakika kumi zimebaki. Nikanywa maji."

"Na dirisha?" nikamuuliza.

"Pazia limefungwa, taa ya barabarani inawaka usiku kucha. Ningeona nini?"

Rajab alikuwa akitazama zulia. Bi Sheikha akaikunja ratiba mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama hirizi.

"Basi imekatika," akasema. "Kumi, halafu shimo."

Nilitaka kusema samahani, na baadaye nilisema. Lakini wakati ule kitu chengine kilikuwa kinanikera. Alisema aliitazama saa ya ukumbini. Mimi nilipokuwa napanda ngazi jioni ile niliitazama pia, na ilikuwa sawa na saa yangu, bila ya tofauti hata ya dakika. Jana Suresh alisema zote zimerudishwa. Lakini jana nilikaa dukani tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikumwona akipanda juu.

"Bi Sheikha, hii saa ya ukumbini, ulimwona nani akiirudisha?"

"Suresh, nani mwengine?"

"Ulimwona kwa macho?"

Akafikiri. "Nilimsikia akisema."

"Basi sijui bado kama imekatika," nikamwambia. "Nipe nusu saa."

*

Suresh na Sushila walikuwa chini wanakunywa chai. Niliwaeleza yaliyotokea, na Suresh akaweka kikombe chini. Alisema aliiona ratiba pale kiooni wiki nzima, na alipokuwa akirudisha saa aliwahi kujiuliza, lakini akaona mtu makini kama mimi lazima nimeshalihesabu. Si adabu kumuuliza mtu kuhusu ibada yake. Nikamwambia kwamba mimi ningefurahi kuulizwa.

Kisha nikamuuliza saa ya Bi Sheikha aliirudisha lini.

"Ile? Ile sikuirudisha."

"Lakini iko sawa."

"Saa inayogonga hairudishwi nyuma, ndugu yangu. Ukiulazimisha mshale, ndani mna jino linalohesabu kugonga, utalivunja. Inasimamishwa. Unakishika kile chuma kinachoyumba, unaiacha imelala saa moja, kisha unaiamsha."

"Uliisimamisha lini?"

"Leo asubuhi. Ilipofika saa tatu kwa hesabu yake niliishika. Nikaja kunywa chai, nikasoma gazeti, na saa yangu ya mkononi ilipofika saa tatu nikaiachia. Bi Sheikha alikuwa amelala. Jana nilisema za dukani tu; hii sikutaka kuigusa, nilijua anaamkia daku. Saa iliyotoka kusimamishwa huwa haiaminiki mpaka ikae."

Hilo lilinipa tumaini, lakini shahidi mmoja ni shahidi mmoja. Nikamgeukia Sushila, ambaye huamka kabla ya watu wote kuoga na kufanya ibada yake. Nilimuuliza kama alfajiri ile alisikia chochote kutoka ukumbini.

"Niliisikia ikigonga kumi na moja," akasema. "Nikahesabu, maana saa yangu ya kitandani ilikuwa inasema kumi kamili. Nikasema moyoni, saa ya mama huyu nayo imezeeka. Kisha nikamsikia na birika lake. Alipoosha kikombe mimi nilikuwa natoka kuoga. Baada ya hapo kimya."

Niliomba karatasi. Nikachora mistari miwili, mmoja chini ya mwengine, wa saa ya zamani na wa saa mpya, nikaweka alama. Saa ya ukumbini iligonga kumi na moja wakati saa mpya ni kumi. Kwa hivyo alipoisoma kumi na moja na dakika thelathini na tano, wakati wa kweli ulikuwa kumi na dakika thelathini na tano. Alfajiri ilikuwa bado dakika ishirini na tatu. Nilihesabu mara ya pili kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Jibu likawa lilelile.

*

Bi Sheikha alitaka kuelezwa mara mbili. Mara ya pili alikishika kipande cha karatasi mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mistari kama alivyofanya na ratiba.

"Karatasi yako ilikuwa ya jana," akasema polepole, "na saa yangu pia ilikuwa bado ya jana. Zikakubaliana."

"Ndiyo."

"Na nyinyi mliozirudisha saa zenu kwa utiifu, ndio mliokula mchana."

"Alfajiri, Bi Sheikha," Rajab akasema. "Usitie chumvi. Na njaa tumeshinda nayo sawa na wewe."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza jioni ile, akafunika mdomo kwa ukingo wa kanga. Kisha akanikunjulia ile ratiba iliyokuwa kama hirizi, akaniambia niirekebishe mbele yake. Nilikata mstari mmoja baada ya mwengine, siku ya kumi na mbili mpaka ya thelathini, nikapunguza saa moja kila mahali. Alikuwa akinisomea na mimi nikiandika. Kabla ya isha mimi na Rajab tulitoka kuzunguka nyumba zilizobaki. Katika nyumba zile ishirini na moja, kumi na saba walikuwa na siku ya kulipa. Niliwaambia wote kosa ni la nani. Wachache walikasirika, wengi walitaka kujua tu imekuwaje, na nililieleza jambo hili mara nyingi mpaka Rajab akawa anaweza kulieleza kwa niaba yangu, pamoja na cheo alichonipa.

Mwezi ulitimia thelathini. Asubuhi ya Idi nilipokwenda kumpa mkono Bi Sheikha, aliniambia neno moja tu: "Zote."

Siku yangu niliilipa Alhamisi ya mwanzo baada ya hapo, Rajab pia. Bi Sheikha hakuwa na deni la kufunga, lakini alitutumia habari kwamba futari itakuwa kwake. Tulipofika tulimkuta Suresh na Sushila wameshakaa, na lile swali la zamani limerudi: kama Waingereza wanafanya vizuri kuendelea kuzisogeza saa mbele na nyuma, au waziache. Suresh alisema hata baada ya yote haya bado yuko upande wa kuziacha. Sushila akasema watoto sasa wanakwenda skuli na jua, na yeye hana la kuongeza. Waliponigeukia, nikasema bado sijui. Nilikuwa nimekwenda maktaba kumuuliza yule bibi ni lini zitasogezwa tena, akanionesha: tarehe 19 Machi. Niliiandika ndani ya jalada la daftari langu, na nimeamua sitaongeza saa wala kupunguza kabla ya kuuliza kwanza mwaka huo wamekubaliana nini.

"Na hii ya ukumbini," nikamuuliza Suresh, "kwenda mbele inakwendaje?"

"Mbele inakubali. Unausukuma mshale taratibu, unaiacha igonge nusu, kisha igonge saa, ndiyo unaendelea."

"Mwezi huo wa Machi utakuja uone mwenyewe," Bi Sheikha akaniambia, huku akinisogezea sahani ya tende. "Usije ukasimuliwa."

Saa ikagonga kumi ukumbini. Nilichungulia dirishani, lile jua jembamba la mwisho wa Novemba lilikuwa limeshazama, na wekundu ulikuwa bado juu ya mapaa. Niliitazama karatasi yangu, nikasubiri dakika moja na nusu iliyobaki, na Bi Sheikha alisubiri pamoja nami ingawa hakufunga.